Mume Mwenzangu Haidari

Ashura ni mjukuu wangu, mtoto wa mtoto wa marehemu kaka yangu. Kwa desturi zetu basi Ashura ni mke wangu, na huyo aliyemuoa, Haidari, ni mume mwenzangu. Nikifika kwao Umwe sharti tutaniane. Nisipomtania watasema mzee kanuna, kuna jambo kaletewa. Naanza na hili kwa sababu balaa lote lilitokea humo kwenye utani, na aliyeuanza ni mie.

Haidari ukimwona mara moja humsahau. Kifua kipana, shingo fupi, na sikio la kushoto limejikunja likakauka kama bibo lililosahaulika juani. Wageni hudhani aliungua utotoni. Mwenyewe akiulizwa husema, "La asili nililiacha Gaborone." Watu hucheka, na asiyejua Gaborone ni wapi hucheka pia.

Wazee wake ni Wamatumbi walioshuka zamani kutoka milimani wakafuata bonde la mto. Yeye alizaliwa hapo hapo Umwe, akalima kidogo, akaona kilimo hakimtaki, akaenda Dar es Salaam kubeba mizigo. Mwisho akapata kazi ya kukata nyasi kwenye uwanja wa michezo. Uwanja huo walikuwa wakichezea wazungu na vijana wa vyuo mchezo wanaouita raga. Mpira wake una umbo la yai. Unashikwa kwa mikono, unarushwa nyuma, lakini watu wanakimbilia mbele. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilidhani natiwa ujinga.

Siku moja jioni wakapungua mtu. Kumi na wanne walikuwepo, alitakiwa wa kumi na tano. Wakamwona mkata nyasi. Wakamwambia, ukimwona mtu ana mpira, mwangushe. Haidari aliweka fyekeo pembeni akaingia na viatu vya mpira vya shamba. Wanasema siku hiyo aliwaangusha hata wa upande wake.

Ndivyo alivyoanza. Miaka mitatu baadaye alikuwa timu ya taifa, na mwaka wa tano wakampa unahodha. Akaushika miaka sita. Aliipeleka bendera Nairobi, Kampala, Kigali, Lusaka, na Gaborone alikopondwa sikio. Huku kwetu nani alijua? Mpira tunaoujua ni ule wa miguu. Mama yake mpaka anakufa aliamini mwanawe anakwenda nchi za watu kupigana, na kila akirudi alimpapasa mwili mzima kutafuta palipovunjika. Kichwa hakukipapasa, alikiona kizima.

Jambo moja Haidari alipenda kunieleza. Katika mchezo ule, wachezaji ni kumi na watano, lakini mwenye ruhusa ya kusema na refa ni nahodha peke yake. Wengine wote wafunge midomo. "Na mimi, babu," ataniambia, "miaka sita sikubishana na refa hata mara moja. Akipuliza, kapuliza. Nageuka kwa wenzangu nawaambia, tumekosa sisi."

Na kisa alichopenda zaidi kilikuwa cha Lusaka. Goti la mtu lilimpata kisogoni akaanguka. Alipoinuka alimuuliza mwenzake, "Tunashambulia upande gani?" Akaonyeshwa kwa kidole. Akacheza mpaka mwisho, wakashinda. Kisa hiki alikisimulia akicheka mpaka machozi. Ashura hakuwahi kucheka. Alikuwa anainuka kwenda kutazama chungu.

Alirudi nyumbani akiwa na miaka thelathini na sita, akamuoa Ashura wangu, akamtoa Salale kwenye mikoko akamleta Umwe kwenye mikorosho. Miaka miwili ya mwanzo ilikuwa mizuri. Halafu kichwa kikaanza. Kuumwa kwanza, kisha kusahau, kisha hasira, naye hakuwa mtu wa hasira. Alimpa Ashura talaka ya kwanza kwa sababu ya viatu vyake vya raga, akisema amevificha. Vilikuwa miguuni mwake. Hazikupita siku nne akamrejea huku akilia. Ya pili alimpa kwenye harusi ya Salima, mdogo wake Ashura, mbele ya wapishi, wala hakuna aliyejua sababu. Akamrejea tena. Sheikh Abdulatifu wa Kibiti, aliyewaozesha, alimwambia, "Haidari, umebakiwa na moja. Ya tatu haina marejeo. Itunze kama jicho."

Ashura alimpeleka kituo cha afya. Daktari wa pale ni mama mmoja wa Kipare, Elinipendo. Alimwambia kichwa kilichogongwa vile hakirudi kuwa kilivyokuwa, na kwamba kuna saa Haidari atakuwepo na kuna saa hatakuwepo. Ashura akaja na maneno hayo akayaweka moyoni, hakumwambia mtu ila mie.

Basi mwaka jana, msimu wa korosho, nilitoka Salale kwa boti mpaka Nyamisati, nikapanda pikipiki hadi Kibiti, nikafika Umwe mchana na kikapu cha kamba wakavu. Haidari alikuwa barazani anamenya chungwa. Pembeni yake alikaa Nurdini, jirani yao, mtu wa swala tano, mpole, asiyejua kusema uongo hata wa kumfurahisha mgonjwa. Ashura alikuwa uani anatenganisha korosho na mabibo.

Nikapiga hodi. Ashura akaitikia, "Karibu, mume wangu usiye na meno."

"Meno nimeyaacha Salale yanavua," nikamjibu. "Shika kamba. Mahari nyingine hii."

Nikakaa. Nikamgeukia Haidari kama nilivyomgeukia miaka yote. "Mume mwenzangu, leo sikuja kula. Nimekuja kumchukua mke wangu. Umekaa naye siku nyingi, inatosha."

Nikangoja. Siku zote hunijibu, "Huyo humwezi mzee, anakula kilo mbili," au, "Mchukue na mama yake." Siku hiyo alinitazama kwa muda mrefu. Macho yalikuwa ya mtu anayemtazama mgeni aliyekuja na madai ya haki. Akaniambia kwa adabu kabisa, "Samahani mzee wangu, sikujua kama ni mke wa mtu. Mchukue. Mimi nimemwacha. Kwa talaka ya tatu nimemwacha."

Akaendelea kumenya chungwa lake.

Uani korosho ziliacha kulia kwenye ungo. Nikacheka, wallahi nilicheka, nikitaka kulifunika neno. "Ehe, leo kanitania vizuri." Nikamtazama Nurdini anisaidie kucheka. Nurdini alikuwa ameweka kikombe chini.

"Babu," akasema taratibu, "talaka haina mzaha. Anayetania na anayekusudia ni sawa. Wewe unajua."

Nilikuwa najua. Nani asiyejua? Watoto wa madrasa wanajua. Na kila tulipotaniana mie nilikuwa nauchezea ule mlango, nikidhani umefungwa.

Ashura alitoka na vumbi la korosho mikononi. "Nurdini," akasema, "huyu hakuniacha. Kimeniacha kile kichwa."

"Shemeji, mimi nasema nilichosikia tu. Kwa sheikh ndiko kwenye hukumu. Mkiishi hivi hivi bila kuuliza, dhambi itatufuata wote tuliokuwa hapa."

Hakuwa na ubaya, Nurdini. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Ningekuwa na mtu wa kumchukia ingekuwa afadhali.

Tulikwenda Kibiti Jumamosi kwa basi. Ashura alikaa ndani na Hafsa, mke wa sheikh, nyuma ya pazia la mlango. Barazani tulikuwa sheikh, Haidari, kaka yake mkubwa Mtoro, Nurdini na mie. Haidari alivaa kanzu safi. Siku hiyo alikuwepo. Ulimwona machoni kwamba yupo.

"Haidari, ulitamka?" sheikh akauliza.

"Wanasema nilitamka."

"Sikuulizi wao. Unakumbuka?"

Haidari akamtazama Nurdini, akanitazama mie. "Nurdini si mwongo. Na babu hana sababu. Nilitamka."

"Akili zako ulikuwa nazo?"

Hapo ndipo penye njia. Aliyepotewa na akili talaka yake haipiti, nalo hilo watoto wa madrasa wanajua. Ilikuwa aseme neno moja tu, "Sikuwa nazo," na Ashura anarudi naye kwenye basi lile lile. Sote tulikuwa tunalingoja hilo neno. Mtoro alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nilikuwa nazo, sheikh," akasema Haidari.

Sauti ya Ashura ikatoka nyuma ya pazia. "Sheikh, muulize leo ni siku gani."

"Ashura," Haidari akasema bila kugeuka, "usibishane."

Sheikh alichukua kalamu. Kisha akasema, "Mtu mzima akijishuhudia mwenyewe, nimkatae kwa lipi?" Akaandika karatasi. Haidari akaweka sahihi yake, ile nzuri yenye mkia mrefu, aliyokuwa akiwawekea watu kwenye jezi.

Nyumba alimwachia Ashura akae eda. Yeye akabeba mkeka na sufuria akaenda bondeni kukaa kwenye dungu. Dungu ni kibanda cha juu ya nguzo. Mpunga ukikaribia kuiva tunahamia humo kufukuza ndege na nguruwe. Lakini huo haukuwa msimu. Shamba lilikuwa tupu, mabua makavu tu, mvua ya kupandia bado.

Siku ya tatu Ashura akanipa bakuli limefungwa kitambaa. "Mpelekee. Usimwambie ni mimi, mwambie umenunua."

"Akionja atajua."

"Basi ajue."

Nikaenda. Ngazi ya dungu na magoti yangu havipatani, nikapanda hivyo hivyo. Nilimkuta amekaa anatazama shamba.

"Unalinda nini, mwanangu?" Sikumwita mume mwenzangu. Neno hilo halikunijia tena mdomoni.

"Nalinda nguruwe wasidhani hapana mwenyewe."

Tukacheka kidogo. Nikamuuliza basi, kwa nini. Neno moja tu, Haidari, na ungekuwa kwako.

Akakaa akilichezea lile sikio. "Babu, nikisema sina akili, nilichofanya chote watasema kilifanywa na mwehu. Bendera niliyobeba, ilibebwa na mwehu. Na Ashura watasema ni mke wa mwehu, atapita sokoni Ikwiriri anyooshewe kidole. Bora awe mtalaka wa mtu mzima. Na tena, refa aliuliza, nikajibu. Kapuliza. Nitamwambia nini?"

Nikamfungulia bakuli. Akala vizuri, wali na kamba, mpaka akaramba vidole. Alipomaliza akaliweka bakuli kando, uso ukiwa umetulia.

"Ashura leo kazidisha nazi," akasema. "Mbona hakuja mwenyewe? Anajua napenda tukila pamoja."

Nikamwambia, "Haidari, mmeachana."

"Nani kasema?"

"Wewe. Kwa sheikh. Jumamosi."

Nilimwona akiupokea msiba upya, kama aliyeletewa habari na mpita njia. Alishika nguzo ya dungu. Mie nikatazama mabua. Tulikaa sana, jua likasogea, na nilipokuwa nashuka ngazi akaniita kwa sauti ya furaha, "Babu, ukifika mwambie Ashura jioni narudi, aniwekee maji ya kuoga."

Safari hii sikumwambia. Nikasema, "Nitamwambia."

Kutoka pale sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa Daktari Elinipendo. Nikamweleza yote, na utani wangu, sikuficha. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Babu, mimi si wa dini yenu," akasema. "Juu ya talaka sina neno. Juu ya kichwa ninalo." Akaandika barua, akapiga muhuri.

Nikaipeleka Kibiti. Sheikh Abdulatifu aliisoma mara mbili, akaivua miwani. "Barua hii ni ya daktari, naiheshimu. Lakini aliyejishuhudia ni Haidari. Kinywa kilichofunga ndicho kifungue. Mlete."

Siku kumi baada ya kikao cha kwanza tukakaa tena, watu wale wale, mahali pale pale, Ashura nyuma ya pazia lile lile. Haidari alikuja kwa kuwa nilimwambia sheikh anakuita. Hakuuliza kwa lipi, na mie nilishangaa asivyouliza.

Sheikh akatoa ile karatasi akaiweka mkekani mbele yake. "Haidari, soma."

Akasoma. Midomo ilikuwa inatembea. Alipofika chini akasimama.

"Sahihi hii ya nani?"

"Yangu."

"Uliiweka lini?"

Haidari akaigeuza karatasi, akaitazama nyuma, kana kwamba siku imeandikwa huko. Akanitazama. "Babu?"

Nimefanya mambo magumu katika umri wangu. Nimewazika niliowazaa. Lakini kumnyamazia mtu yule aliponiita vile, sitaki kufanya tena.

"Usimtazame babu," sheikh akasema kwa upole. "Ni wewe. Ulikaa hapo hapo ulipokaa. Nilikuuliza kama akili zako ulikuwa nazo. Ulinijibu nini?"

Kuku wa Hafsa walikuwa wanaparua uani. Haidari akaiweka karatasi chini, akailainisha kwa viganja viwili, akaanza kusema huku akiitazama yenyewe.

"Sheikh, kisa changu cha Lusaka wote mnakijua. Nimekisimulia mpaka kwenye misiba. Sikikumbuki. Mchezo wote wa siku ile sinao. Nilichokiona ni taa za hospitali. Kile kisa nilisimuliwa na wenzangu kwenye basi, nikakichukua, nikakifanya changu. Na sio hicho tu. Vipo vingi ninavyosimulia ambavyo nimesimuliwa."

Mtoro akasogea akamshika bega. "Mdogo wangu, usijivunje mbele za watu."

"Kaka, niache. Nahodha ndiye anayesema." Akainua uso kwa sheikh. "Sikubishi, sheikh. Nasema tu kwamba ile siku ya chungwa sikuwepo. Na siku niliyosema nilikuwepo, sasa naona sijui kama nilikuwepo. Mimi si mzima. Sikuwa mzima hata wakati nawaongoza wenzangu."

Nyuma ya pazia Ashura alikuwa analia, na Hafsa anamwambia nyamaza mwanangu, nyamaza.

Sheikh hakuharakisha. Alimuuliza Nurdini kama ana neno. Nurdini akasema, "Nilisema nilichosikia," na sauti haikutoka sawasawa. Haidari akamwambia, "Hukukosea, jirani." Ndipo sheikh akaichana ile karatasi. Akasema talaka ya asiyekuwa na akili zake saa ile haipiti, Ashura ni mke wa Haidari kama alivyokuwa.

Tulishusha pumzi. Lakini sheikh alikuwa hajamaliza.

"Haidari, sikiliza na hili, na nitaliandika. Kuanzia leo neno lako halitahesabiwa. Ukiacha, hujaacha. Ukiuza, hujauza. Ukitoa ushahidi, haupokelewi. Atakayesema kwa ajili yako ni kaka yako Mtoro. Hukumu huwezi kuichukua nusu ukaacha nusu."

Haidari alikubali kwa kichwa. "Sawa," akasema. Ni ile "sawa" aliyokuwa akiwapa marefa, nadhani, sikuwahi kumwona uwanjani. Alikuwa anasema peke yake kwa ajili ya watu kumi na watano. Sasa asingeweza kusema hata kwa ajili yake. Akatia sahihi karatasi ya pili.

Ningependa kuishia hapo, watu wanapanda basi la Umwe. Lakini nilirudi tena mwezi uliopita, na nitasema nilichokikuta.

Ile karatasi ya pili, inayosema talaka haikupita na neno la Haidari halihesabiwi, Ashura ameitia kwenye nailoni akaipigilia misumari mlangoni, urefu wa macho ya Haidari. Nilifika na kamba wangu. "Hujambo mjukuu wangu," nikamwambia.

Akanikazia macho. "Leo mimi mjukuu? Mahari iko wapi?"

"Nimezeeka, mama. Utani sina tena."

Akapokea kikapu, hakunilazimisha. Tukakaa tunabangua korosho. Alasiri Haidari akatokea na gunia la kuni begani. Alipofika ukingo wa uwanja akasimama. Akatua gunia. Hakukanyaga ndani.

"Hodi, wenyewe," akaita.

Nikataka kuinuka. Ashura akanigusa mkono. "Siku nyingine hukumbuka ile karatasi ya kwanza tu," akaninong'oneza. "Kwamba kaniacha. Basi haingii nyumba ya mwanamke asiye mkewe. Alilala kwenye kuni juzi." Kisha akapaza sauti, ya kawaida kabisa, kama anayemjibu muuza mkaa. "Karibu. Soma mlangoni kwanza."

Haidari alikuja hadi mlangoni, akipita mbali na Ashura kwa heshima. Akasoma, midomo ikitembea. Akaweka kidole chini ya maandishi.

"Hii sahihi ya sheikh."

"Eeh."

"Na hii yangu."

"Yako."

Akarudia kusoma kutoka juu. Kisha akavua viatu, akavipanga ukutani, akaingia kwa mguu wa kulia, kama mgeni.